Wagika Kushoto, Wagalu Kulia

YAH: OMBI LA KIBALI CHA MATUMIZI YA MUDA YA GHALA LA PAMBA KWA SHUGHULI ISIYO YA PAMBA.

Hicho ndicho kilikuwa kichwa cha barua, na hakikupatikana kirahisi. Barua ya kwanza ilirudishwa na Katibu wa chama cha wakulima pale Nkoma kwa sababu haikuwa na kumbukumbu namba. Ya pili ilirudi kwa kuwa ndani yake mlikuwa na neno "kelele", na chama, alisema Katibu, hakiwezi kuruhusu kelele kwa maandishi. Ya tatu aliipokea, akaisoma mpaka mwisho akiwa amesimama, kisha akataka mchoro.

"Mchoro wa nini, Katibu?" aliuliza Lukresia.

"Wa mpangilio wa vyombo. Vinavyotoa sauti visikae pamoja. Kimoja ukuta huu, kingine ukuta ule, vitazamane. Mkaguzi akisimama mlangoni avione vyote bila kujisumbua."

"Mkaguzi gani?"

Katibu, Bwana Constantine, alimtazama kama mtu aliyeulizwa Mungu yupi. "Atakayekuja," alisema.

Lukresia alikuwa fundi wa kurekodi. Alikuwa na chumba chake mjini Bariadi, kuta zake zimebandikwa trei za mayai, na miaka kumi na moja ya kurekodi kwaya ilikuwa imemfundisha kwamba ofisi haishindwi, huchoshwa tu. Alichora. Katibu akapiga muhuri juu ya mchoro, akaupuliza wino ukauke, na hivyo ndivyo vyombo vya muziki vilivyopangwa na chama cha wakulima wa pamba.

Waliotaka kurekodiwa walikuwa wawili. Wa kwanza ni Masalu, mdogo wake wa tumbo moja. Mama yao alipokuwa anakata roho aliuchukua mkono wa Masalu akauweka ndani ya mkono wa Lukresia, asiseme kitu, maana hapakuwa na cha kuongeza. Wa pili ni Josia, fundi redio wa Somanda, rafiki yake Masalu tangu darasa la tatu, ambaye siku ya mazishi alishika jeneza mbele na akalia kuliko wenye mama. Wote wawili walipiga magitaa ya metali, ile roki nzito, muziki ambao majirani waliuelewa kama ajali ya trekta inayojirudia kwa mpangilio.

Lukresia aliuheshimu muziki huo kwa sababu ulikuwa na kazi. Watu hudhani uzito wake unatokana na ukali. Ukali ukizidi, sauti inakuwa uji. Uzito unatokana na watu wawili kupiga kitu kilekile, pigo kwa pigo, mmoja akiwekwa sikio la kushoto, mwingine la kulia, na ile tofauti ya unywele baina yao ndiyo inayojenga ukuta. Kwa hiyo kila mpigaji alikuwa na amplifaya yake: ya Masalu kuukuu kutoka Mwanza, yenye vali zinazong'aa kama macho ya paka, ya Josia ameiunda mwenyewe ndani ya kasha la mzinga wa nyuki, na bado ilikuwa inanukia asali ikipata moto. Kila amplifaya ilitegewa maiki mbili, moja karibu kugusa kitambaa cha spika, nyingine kwa pembeni. Maiki ya tano ilisimama peke yake katikati ya ghala, kuchukua mwangwi wa chumba.

Walianza Jumatano, saa nane mchana. Lukresia alikaa katika kijichumba cha karani wa mizani, nyuma ya kioo, mbele ya kompyuta na meza ya vitelezi vya kupandishia na kushushia sauti. Masalu kushoto, Josia kulia, hatua ishirini baina yao, wanatazamana.

Mara ya kwanza walipiga vizuri kupita alivyotarajia. Alipowaita wasikilize, akazima maiki nne za spika, kimazoea tu, ili asikie maiki ya tano imekusanya nini. Ilikuwa imekusanya njuga.

Zilikuwa njuga za miguuni, kwa mbali, na nyayo nyingi zinazokanyaga vumbi kwa pamoja. Sakafu ya ghala ilikuwa ya saruji.

"Nani alikuwa anacheza?" aliuliza.

"Nani acheze muziki huu?" alisema Josia. "Hata sisi wenyewe tunausimamia tu."

"Ni mabati," alisema Masalu. "Dada, niinue kidogo. Nasikika kama niko choo cha jirani."

Hakuna mpiga gitaa aliyewahi kuomba ateremshwe. Lukresia akasukuma kitelezi cha kushoto, unene wa kucha tu, akarudia kuwasikilizisha. Nyayo zilihama. Alizisikia waziwazi zikitembea kutoka kulia kwenda kushoto, kama watu wanaoacha duka moja na kuingia lingine. Josia akashika pua. Damu ilikuwa inamtiririka hadi kwenye fulana.

"Vumbi la pamba," alisema kwa sauti ya puani. "Sasa niinue na mimi, dada Lukre. Unapendelea ndugu yako, na mimi ndiye mzuri."

Akamwinua, mara hii wakiwa wanapiga. Nyayo zikavuka ghala kurudi kulia, na katikati ya mkong'oto wa magitaa Masalu akatoa sauti ndogo, akaachia gitaa. Ukucha wa kidole chake cha shahada ulikuwa umeng'oka mzima, kama ganda la mbegu ya boga, umebaki umening'inia kwenye waya wa tatu.

Wakafunga kwa siku ile; vyombo na kompyuta vikabaki ghalani, na Lukresia akaihamisha kazi kwenye diski ya kwenda nayo mjini. Mlangoni alisimama Mayu Milembe na fagio lake. Mama huyu alikuwa mfagizi wa ghala kwa mkataba wa muda na mganga kwa mkataba wa kudumu, na chama kilimtambua kwa kazi moja tu.

"Nani aliwasimamisha hivyo?" aliuliza, akionyesha kwa kidevu amplifaya zinazotazamana.

"Katibu," alisema Lukresia. "Kuna mchoro."

"Mmesimama kama Wagika na Wagalu. Nani ataamua?"

Masalu alicheka huku ameubana mkono kwapani. Kila mtoto wa Simiyu anajua Wagika na Wagalu: makundi mawili ya ngoma yanayosimama uwanja mmoja baada ya mavuno, yakitazamana, kila moja likipiga na kuimba na kutupiana maneno ya kuudhi, na watazamaji wanakwenda wanakopenda. Watakakojaa watu, huko ndiko ushindi. Ndiyo maana kila manju, kiongozi wa ngoma, alikuwa na dawa yake ya kuita watu, na dawa hiyo huzikwa uwanjani.

"Mayu, sisi ni bendi moja," alisema Josia.

"Mwambie hivyo yeye," alisema Milembe, akagonga saruji kwa mpini wa fagio, akaendelea kufagia.

Alhamisi asubuhi, mjini, Lukresia alivaa spika za masikioni akaketi na chai yake. Akasikiliza tena, polepole, na alichosikia kilifanya chai ipoe. Umati ulikuwepo katika kila mara waliyopiga, kuanzia sekunde mbili kabla ya gitaa la kwanza. Ulikuwa umeongezeka. Mara ya kwanza walikuwa kama watu thelathini. Mara ya mwisho walikuwa wamejaa, wanapumua, na harufu, jambo ambalo maiki haiwezi kuchukua, ilikuwa imeingia chumbani mwake: ngozi mbichi iliyowambwa juani, mafuta ya ng'ombe, jasho la watu waliocheza siku nyingi bila kuoga. Akataka kujua kama anajidanganya. Akasukuma kushoto, mara hii kiasi cha kutosha. Umati wote ukahamia kushoto kwa kishindo.

Simu iliita kabla hajavua spika. Alikuwa mteja mmoja wa pale dukani kwa Josia.

"Dada, njoo. Kuna kitu kinampiga Josia."

"Nani anampiga?"

"Ndiyo nakwambia, hakuna mtu. Anapigwa tu. Kaangukia kabati la redio. Sikio lake…" Simu ilikwaruza, kama ameinama. "Sikio liko chini hapa."

Lukresia alirudisha kitelezi haraka, vikawa sawa kwa sawa. Kwenye simu akasikia kelele za dukani zikikoma, halafu Josia kwa mbali akiita mama yake. Kisha akafanya kile ambacho mtu yeyote mwenye akili angefanya: akafuta kazi yote, faili moja baada ya jingine, akamwaga na kapu la taka la kompyuta.

Saa tano Katibu akapiga.

"Bi Lukresia, kibali kinasema kuanzia saa nane hadi saa kumi na mbili. Mmeanza asubuhi. Na jana hamkukoma. Wanachama wanalalamika."

"Katibu, sisi tuko Bariadi. Vyombo vyote tulivichomoa kwenye umeme."

Nyuma ya pumzi za Katibu alisikia mkong'oto wa Masalu na Josia, wazi, mzito, hatua ishirini baina yao.

"Basi mje mvikomeshe," alisema Constantine, na sauti yake ilikuwa imeshuka hadi ikawa ya mtu wa kawaida. "Mimi sijafungua ule mlango."

Ijumaa mchana walikwenda wote, kwa kuwa kukimbia kumeshajaribiwa na kitu hicho kimempata mtu hadi dukani kwake. Josia alifungwa bandeji kichwa kizima. "Angalau sasa nina sikio moja tu la kugombania," alisema ndani ya gari, na hakuna aliyecheka, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza kutocheka.

Milembe aliwangoja nje, na unga wa mtama kwenye kibuyu na maji kwenye kopo la rangi.

"Mwadila, mayu," Lukresia alimsalimia.

"Mwadila. Kaeni niseme mara moja, sitarudia ndani. Hapa palikuwa uwanja. Nilikuwa msichana. Walishindana siku tatu, Wagika huku, Wagalu kule, na watu wakawa nusu kwa nusu, hata ukiwahesabu. Siku ya nne wakaja wapimaji na kamba zao, wakasema ngoma basi, hapa linajengwa ghala. Hakuna aliyeamua. Na dawa waliyozika haikutolewa, imemwagiwa saruji juu yake."

"Dawa ya kuita watu," alisema Masalu.

"Dawa haina miguu, ng'wanawane, mwanangu. Kuna kitu kilifungwa ndani yake kiifanye kazi. Watu wa pwani wangekiita jini. Sisi hatukupewa jina lake, tulipewa masharti yake: kilete watu, kisha kipewe mshinde. Mshinde ni chakula chake. Kimengoja sana. Halafu ninyi mkaja, mkasimama palepale."

"Unaweza kukitoa?" aliuliza Lukresia.

"Nitakiomba kiondoke. Siyo sawa na kukitoa."

Katibu alitoa ufunguo, akabaki nje kama mwakilishi wa chama.

Ndani palikuwa na mwanga wa kutosha, jua linapenya kwenye matundu ya bati na kusimama sakafuni kama fito. Umeme ulikuwa umekatika Nkoma nzima tangu saa saba na nusu. Hata hivyo vali za amplifaya ya Masalu ziliwaka, mzinga wa Josia ulinguruma, na waya zote mbili za umeme zilikuwa sakafuni, vichwa vyake vitupu. Kioo cha kompyuta kilikuwa wazi. Kazi aliyoifuta ilikuwepo, na ilikuwa inaendelea kurekodiwa. Saa yake ilisoma masaa arobaini na nane.

Milembe alitia unga kwenye maji, akanywa funda, akalipuliza kushoto, akalipuliza kulia. Aliongea Kisukuma cha zamani, kwa upole, kama mtu anayemwambia mgeni kwamba chakula kimekwisha na njia ni ndefu. Kitu kilimsikiliza. Magitaa yalinyamaza. Kwa muda wa pumzi mbili ghala lilikuwa ghala tu. Kisha spika zote mbili zikasema kwa pamoja, kwa sauti iliyotoka kwenye vumbi:

"Nani?"

Mlango wa chuma ulijifunga. Milembe alirushwa ukutani, mfupa wa bega ukalia kama ukuni, akateleza hadi chini akakaa. Waya za maiki zilinyanyuka sakafuni, zikawazunguka vijana viunoni na kuwaburuta kila mmoja hadi mbele ya amplifaya yake, magitaa yakawarukia vifuani, na mikono yao ikaanza kupiga.

Lukresia alikimbilia kijichumba kwa sababu ndiko kulikokuwa na kitu alichojua kukitumia. Alivuta vitelezi vyote hadi chini. Vikapanda vyenyewe, vikamchuna vidole. Alivuta sauti za magitaa yote mawili hadi katikati, pasiwe na kushoto wala kulia. Na hapo mabati mawili yaling'oka paani, yakashuka yakizunguka, moja likampasua Masalu paja, lingine likamwondolea Josia vidole viwili vya mguu pamoja na kiatu, na mikono yao haikuacha kupiga.

"Hakitaki kuchanganywa," alisema Milembe kutoka chini, polepole, damu ikimtoka mdomoni. "Kinataka kuamuliwa, ng'wanawane."

Akaviweka sawa. Lilikuwa jambo pekee alilobaki nalo, kuviweka sawa, na alikuwa na mkono mtulivu, mkono wa miaka kumi na moja ya kwaya, akivishika vitelezi viwili kwa vidole viwili, huku mbele ya kioo umati ukianza kuonekana, kwanza kama vumbi lililosimama, halafu kama migongo, migongo mitupu inayong'aa mafuta, njuga miguuni, mamia yao, wakiyumba kushoto, wakiyumba kulia, na kila walipoyumba upande mmoja kijana wa upande mwingine alipasuka mahali, shavu, goti, jicho, na nyaya za gitaa zilikuwa zimekwisha kula nyama ya vidole zinakwaruza mfupa, na sauti ya mfupa juu ya waya ilipita kwenye spika ikiwa nzito na safi kuliko chochote alichowahi kurekodi, na akajua, kwa kuwa ndiyo kazi yake kujua, kwamba sawa kwa sawa haikuwa inamwokoa yeyote, ilikuwa inawamaliza wote wawili kwa zamu, na kwamba Masalu, aliyekuwa mwembamba tangu utotoni, angeanza kufa yeye.

Masalu alikuwa amefumba macho. Midomo yake ilikuwa inaita dada.

Josia alikuwa anamtazama Lukresia kupitia kioo. Jicho lake lililobaki lilikuwa kavu na zima. Aliangalia mikono ya Lukresia ilivyokaa mezani, akaangalia uso wake, na akatikisa kichwa, mara moja, kama mtu anayesema la.

Halafu umati wote ukaenda upande mmoja.

Haukuchukua muda. Walimfunika, njuga zikalia kwa mpigo mmoja wa haraka, mzinga wa nyuki ukapasuka vipande, na walipotoweka kilichobaki kwenye ukuta wa kulia hakikuwa na umbo la kuzikwa kwenye jeneza la kawaida. Mlango ulifunguka wenyewe, na jua likaingia pamoja na Bwana Constantine, ambaye alitazama, akatoka nje, akatapika, na baada ya dakika chache akaomba kalamu.

Taarifa ya chama ilieleza uharibifu wa mabati mawili, kioo kimoja, na mengineyo. Chanzo kilitajwa kuwa hitilafu ya umeme iliyosababishwa na vyombo vya kuundia nyumbani. Milembe, bega limefungwa, aliulizwa kama ana la kuongeza, akasema kitu kimekula na kimeondoka. Karani aliandika kwamba shahidi hakuwa na la kuongeza. Ghala lilikabidhiwa kwa msimu wa pamba likiwa kimya kabisa.

Masalu alilazwa mwezi mzima. Madaktari waliokoa vidole vitatu mkono wa kushoto na vinne wa kulia. Siku alipoweza kuzungumza, mama yake Josia alikuwa ameketi upande mmoja wa kitanda, amemletea uji, na Lukresia upande mwingine.

"Dada," alisema, "mwisho ilikuwaje? Nilikuwa nimefumba macho."

Mama yake Josia aliacha kukoroga, akangoja naye.

"Shoti," alisema Lukresia. "Ilikuwa shoti ya umeme."

Nkoma hapakuwa na umeme tangu saa saba na nusu siku ile. Saa tisa kasoro dakika kumi Lukresia alikivuta kitelezi cha kulia hadi chini, kwa mkono wake, akijua ni cha Josia.